Kisiwa Kilichokula Mtaji Wake

Tuna misemo miwili kuhusu pesa, nayo haipatani. Mmoja unasema pesa ni sabuni ya roho. Wa pili unajibu: fedha fedheha. Kila mtu huchukua ule unaomfaa kulingana na hali ya mfuko wake siku hiyo. Lakini ipo nchi ambayo misemo yote miwili iliipitia katika umri wa mtu mmoja. Mtu aliyezaliwa huko miaka ya 1930 alikulia chini ya utawala wa wageni, akaona njaa ya vita, akafika utu uzima nchi yake ikiwa miongoni mwa zile zenye kipato kikubwa kabisa duniani kwa kila kichwa, kisha akazeeka akisikia kwamba benki ya taifa haina pesa za kumpa. Nchi hiyo ni Nauru.

Kisa chake husimuliwa sana, na mara nyingi kama kichekesho. Wasimulizi hupenda kumtaja mkuu wa polisi anayesemekana kuagiza gari la Lamborghini, kisha akashindwa kuingia kwenye kiti kwa unene. Msikilizaji anacheka, anatikisa kichwa, na somo linatoka lenyewe: watu wale walipewa pesa wasiyoiweza, ikawapumbaza. Somo hilo ni jepesi mno. Ukiisoma historia ya Nauru mwaka baada ya mwaka, unakuta watu walioujua mwisho wa mali yao mapema, walioukataa uhamisho wenye fidia nono, na waliopigania haki yao hadi mahakama ya dunia. Kosa lao kubwa ni lile ambalo kila mwenye duka la mtaani analiogopa kuliko mwizi: walikula mtaji wakidhani ni faida. Tena hawakuwa wa kwanza kuula. Wengine walishakula kabla yao, kwa zaidi ya miaka 60.

Kabla ya mbolea

Nauru ni kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya mstari wa ikweta. Barabara inayokizunguka haizidi kilomita 20, na jirani wa karibu, kisiwa cha Banaba, yuko umbali wa kilomita 300 hivi upande wa mashariki. Pwani yake ni ukanda mwembamba wenye minazi. Nyuma ya ukanda huo ardhi inapanda na kuwa uwanda wa juu unaochukua sehemu kubwa ya nchi.

Wenyeji waliishi katika koo 12, mtoto akifuata ukoo wa mama yake. Kila kipande cha ardhi, pwani na juu, kilikuwa na familia yake. Walikula nazi, samaki na matunda ya miti ya jamii ya mkadi. Walikamata vifaranga vya samaki aina ya mwatiko, huyuhuyu anayefugwa leo kwenye mabwawa ya Zanzibar na Mtwara, wakavizoesha maji yasiyo na chumvi nyingi na kuvikuza katika ziwa dogo la Buada. Hayakuwa maisha ya peponi. Mvua ilipokosekana kwa miezi mingi njaa iliingia, na hapakuwa na pa kukimbilia.

Tarehe 8 Novemba 1798 nahodha Mwingereza John Fearn alipita hapo na meli yake Hunter akitoka New Zealand kuelekea bahari ya China. Watu walimjia kwa mitumbwi. Hakushuka, ila alikiona kisiwa kijani na wenyeji wakarimu, akakiandika kwenye ramani kama Kisiwa cha Kupendeza. Kuanzia miaka ya 1830 wakafuata wavuvi wa nyangumi na mabaharia watoro. Hao waliacha vitu viwili, bunduki na ujuzi wa kugema tembo la mnazi. Vikikutana, vitu hivyo havileti heri. Mwaka 1878 koo zilianza kupigana, na vita vikadumu miaka 10.

Waliovimaliza ni Wajerumani. Oktoba 1888 waliteremsha wanajeshi wao, wakawashika machifu, wakakusanya bunduki na kutangaza kisiwa kuwa chao. Hiyo ni miezi michache tu tangu Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ijitwalie forodha za pwani yetu na kumkuta Abushiri bin Salim mbele yake huko Pangani. Bendera ileile ilipanda pande mbili za dunia katika mwaka mmoja. Nauru walibaki watu 900 hivi.

Jiwe la kuzuia mlango

Kwa miaka 10 Wajerumani hawakuona cha maana kisiwani isipokuwa nazi kavu. Utajiri wenyewe ulikuwa sakafuni kwenye ofisi moja mjini Sydney. Ofisa wa Pacific Islands Company, kampuni ya biashara za visiwani, alikuwa ameokota jiwe Nauru akidhani ni mti uliogeuka jiwe, na likawa linatumika kuzuia mlango usijifunge. Mwaka 1899 kijana wa kampuni hiyo, Albert Ellis, alilitilia shaka, akalipima katika maabara. Lilikuwa fosfeti, tena ya daraja la juu kabisa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, tazama mashamba ya Australia na New Zealand ya wakati ule. Udongo wa huko, hasa wa Australia, ni wa kale na umechoka. Una fosforasi kidogo mno. Ngano haistawi na majani ya kondoo hayanenepeshi bila mbolea. Fosfeti ikichanganywa na asidi ya salfa hutoa mbolea iitwayo superfosfeti, na mbolea hiyo ndiyo iliyoligeuza eneo kubwa la nchi hizo mbili kuwa ghala la nafaka, sufu na siagi. Jiwe la mlangoni lilikuwa chakula cha bara zima.

Uchimbaji ulianza mwaka 1906 chini ya Pacific Phosphate Company, kwa makubaliano na Wajerumani. Kazi ilifanywa na vibarua wengi wao kutoka China na visiwa vya Caroline. Mwenye ardhi, yule ambaye familia yake ilimiliki kipande kile tangu enzi za mababu, alilipwa nusu peni kwa kila tani iliyotoka.

Namna fosfeti inavyochimbwa Nauru inaeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata. Haiko chini kabisa kama dhahabu ya Geita. Imejaa katikati ya nguzo za mawe ya matumbawe, kama unga uliomiminwa katikati ya meno ya kitana. Kwanza miti inakatwa na udongo wa juu unakwanguliwa. Kisha fosfeti inachotwa mpaka nguzo zibaki wazi, ndefu kumpita mtu mara kadhaa, nyeupe, zenye ncha. Hapo hapalimiki wala hapajengeki, na jua likizipiga nguzo hizo joto lake hukausha kila kitu. Hekta moja ikishachimbwa imetoka kwenye hesabu ya nchi.

Vita vya 1914 vilileta wenye nyumba wapya. Australia ilikitwaa kisiwa, na mwaka 1919 Uingereza, Australia na New Zealand zikaandikiana mkataba. Zilinunua mali ya kampuni kwa pauni milioni 3.5 na kuunda tume ya pamoja ya fosfeti, Uingereza na Australia zikichukua asilimia 42 kila moja na New Zealand 16. Umoja wa Mataifa wa zamani, League of Nations, ukazikabidhi nchi hizo tatu Nauru kama amana, kwa utaratibu uleule wa makoloni ya Wajerumani ulioiweka Tanganyika mikononi mwa Waingereza. Maneno ya hati zile yalisema ustawi wa wenyeji ni dhima takatifu ya ustaarabu.

Tume ile haikufanya biashara ya kutafuta faida, na hapo ndipo penye ujanja wake. Fosfeti iliuzwa kwa gharama za kuichimba na kuisafirisha tu, chini ya bei ya soko la dunia. Kwa kuwa faida haikuonekana vitabuni, hakukuwa na faida ya kumgawia mwenye ardhi. Ilikuwepo, ila ilihamia kwenye gunia la mbolea la mkulima wa ng'ambo ya pili, ambaye alilipata kwa bei poa. Mrabaha wa wenyeji ulipanda kwa senti baada ya senti. Mtaji wa Nauru ulikuwa umeshaanza kuliwa, na Wanauru hawakuwa wamealikwa mezani.

Watu 1,500

Mwaka 1920 homa ya mafua ilipita kisiwani na kuua karibu mtu mmoja katika kila watano. Hofu ikaingia kwamba kabila hili dogo litafutika. Ikasemwa kwamba likifika watu 1,500 litakuwa limepona. Watu wakawa wanahesabu vizazi na vifo kama wengine wanavyohesabu mavuno. Tarehe 26 Oktoba 1932 alizaliwa mtoto wa kike aliyeitimiza idadi hiyo. Siku ile ikatangazwa kuwa sikukuu, ikaitwa Angam, na inasherehekewa hadi leo.

Sherehe hiyo ni ushahidi muhimu kwa mtu anayetaka kujua furaha ya watu wale ilikaa wapi. Mwaka 1932 hawakuwa na pesa. Mashine za tume zilikuwa zinakula uwanda wa juu kila siku. Lakini walikuwa na jambo moja walilolitaka wote kwa pamoja, nalo lilipopatikana kila nyumba ilipata sehemu sawa.

Muongo uliofuata uliifuta hesabu ile. Agosti 1942 Wajapani waliingia. Walijenga kiwanja cha ndege, wakawaua wagonjwa 39 wa ukoma kwa kuwazamisha baharini, na mwaka 1943 wakawahamisha Wanauru 1,200 hadi visiwa vya Truk, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini-magharibi, kufanya kazi ya shuruti. Njaa, maradhi na mabomu yaliwamaliza mmoja mmoja. Meli iliyowarudisha ilitia nanga Nauru tarehe 31 Januari 1946. Walioshuka walikuwa 737.

Miongoni mwao alikuwa mwalimu kijana, Hammer DeRoburt.

Nchi au pesa

DeRoburt alizaliwa mwaka 1922 na kusoma Geelong, Australia, kabla ya vita. Mwaka 1956 alichaguliwa kuwa Chifu Mkuu. Alirithi hesabu isiyo na siri: fosfeti ingekwisha kabla ya karne kuisha, na kisiwa kingebaki mifupa. Umoja wa Mataifa, ambao baada ya vita ulichukua dhamana ya Nauru kama ulivyochukua ya Tanganyika, ulikuwa unauliza maswali kila mwaka, na Australia ikahitaji jibu.

Jibu lililotolewa lilikuwa kuwahamisha wote. Baada ya kupima sehemu kadhaa, Australia ilipendekeza kisiwa cha Curtis, kwenye pwani ya Queensland, kikubwa kuliko Nauru mara nyingi. Wangejengewa nyumba na kupewa ajira, na wangekuwa raia wa Australia. Kwa kipimo cha mfuko, lilikuwa toleo la kuchekelea, maana wangeishi katika nchi tajiri na watoto wao wangesoma shule nzuri, mbali na kisiwa kinachokwisha.

Wanauru waliuliza swali moja: huko tutajitawala? Australia ikasema hapana, isipokuwa kwa madaraka ya halmashauri ya mtaa. Mwaka 1964 wakakataa. Watu wapatao 3,000, waliokwishahamishwa mara moja kwa bunduki, hawakutaka kuhamishwa mara ya pili kwa cheki.

Hilo linapaswa kuwekwa mbele kila kichekesho cha Lamborghini kinaposimuliwa. Waliopewa nafasi ya kuchagua kati ya raha ya kupewa na shida ya kumiliki, walichagua kumiliki. Kisha wakaenda kwenye meza ya mazungumzo kudai fosfeti yenyewe. Mwaka 1967 walikubaliana kuzinunua mashine na mitambo ya tume kwa dola milioni 21 za Australia. Uhuru ulitangazwa tarehe 31 Januari 1968, siku waliyoichagua kwa kuwa ndiyo waliyorudi kutoka Truk miaka 22 kabla. DeRoburt akawa rais wa kwanza. Tarehe 1 Julai 1970 migodi ikawa yao rasmi.

Miaka ya neema

Wakati haujawahi kuwaangukia watu vizuri hivyo. Miaka mitatu na nusu baadaye Morocco, muuzaji mkubwa wa fosfeti duniani, ilipandisha bei karibu mara tatu, na wengine wakafuata. Pesa zilizoingia Nauru zilikuwa nyingi kuliko mipango ya kuzitumia. Kodi ya mapato haikuwepo. Matibabu yalikuwa bure, shule bure, na kijana aliyefaulu alisomeshwa Australia kwa gharama za serikali. Anayedhani pesa haina uhusiano na furaha awaulize wazazi waliomzika mtoto enzi za nusu peni. Kwao sabuni ya roho ilikuwa sabuni kweli.

Serikali nayo haikukaa bila akili. Sehemu ya kila tani iliwekwa kwenye mifuko ya amana: wa wenye ardhi, wa makazi, wa kukarabati ardhi, na wa vizazi vijavyo. Fikra ilikuwa sahihi kabisa. Fosfeti ikiisha, pesa zilizowekezwa zingezaa, na nchi ingeishi kwa riba yake. Huko Melbourne, katika mtaa wa Collins, mwaka 1977 ilikamilika Nauru House yenye ghorofa 52, ikawa ndefu kuliko majengo yote ya jiji. Wenyeji wa Melbourne waliibandika jina la utani la jengo la kinyesi cha ndege, wakiikumbuka asili inayosemwa ya fosfeti. Mahoteli na viwanja vikanunuliwa Fiji, Guam na Hawaii. Shirika la ndege la Nauru likawa na jeti kadhaa zilizoruka hadi Asia, mara nyingi zikiwa na viti vitupu.

Mwaka 1974, bei ya fosfeti ilipokuwa kileleni, mchumi Mmarekani Richard Easterlin alichapisha makala ambayo watafiti wanaibishania hadi leo. Aligundua kwamba ndani ya nchi moja matajiri husema wana furaha kuliko maskini. Lakini alipoitazama Marekani tangu 1946 hadi 1970, kipato kilikuwa kimepanda sana na furaha waliyoitaja watu haikupanda nacho. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu hapimi alichonacho peke yake, bali hukipima kwa cha jirani na kwa alichokwishazoea. Hakuipima Nauru. Ila kisiwa kile kilikuwa kinaifanyia majaribio hoja yake kwa kasi ambayo Marekani haikuifikia, maana taifa zima lilitajirika ndani ya muongo mmoja.

Kilichobadilika kwanza hakikuwa akiba wala majengo. Ilikuwa siku yenyewe, tangu asubuhi hadi jioni. Kazi za mgodini zilifanywa na wageni kutoka Kiribati, Tuvalu na Hong Kong. Mashamba hayakuwepo, kwa kuwa udongo ulishapakiwa melini. Mchele, nyama za makopo, sukari na bia vilikuja kwa meli. Mwatiko wa Buada alipungua, sehemu kwa sababu ya perege kutoka kusini mwa Afrika aliyeletwa miaka ya 1960, akazaana na kumpokonya chakula, na sehemu kwa sababu hakuna aliyehitaji tena kuamka kumhudumia. Mwaka 1976 daktari Paul Zimmet na wenzake waliwapima watu damu, wakakuta karibu theluthi moja ya watu wazima wana kisukari, kiwango kilichowashangaza madaktari duniani kote.

Hapa ndipo wengi husema: unaona, pesa iliwaua. Mimi ninaona jambo jingine. Ardhi ya kulima ilikuwa imechukuliwa kabla pesa haijafika. Pesa iliikuta nafasi tupu, ikaijaza kwa makopo. Mtu aliyenyang'anywa shamba na kulipwa baadaye hali mboga za shamba lake. Anakula kinachouzwa dukani. Furaha ya kuwa na shughuli yenye maana haikununulika kwa mrabaha, na hakuna bajeti iliyotengwa kuirudisha.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Nauru lilikuwepo, ila waliolisoma walikuwa wachache, na waliolijaza walibadilika mara kwa mara. Nchi ya watu elfu chache haina wahasibu wa kutosha, wanasheria wa kutosha, wala gazeti la kumtia waziri kiwewe. Mbunge ni binamu, mkaguzi ni shemeji. Washauri wa kigeni walijaa, kila mmoja na mradi wake. Mwaka 1993 pesa za Nauru zilifadhili tamthilia ya muziki jijini London juu ya maisha ya Leonardo da Vinci. Ilifungwa baada ya wiki chache na mtaji haukurudi. Hasara kama hizo zilipokuwa ndogo zilifunikwa na fosfeti ya mwezi uliofuata. Fosfeti ilipopungua, zilifunikwa kwa mikopo, na majengo yakawekwa rehani.

Hata hivyo miaka hiyohiyo ilileta ushindi. Mwaka 1986 serikali iliunda tume chini ya mwanasheria wa Sri Lanka, Christopher Weeramantry, kuchunguza nani anawajibika kwa ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru, karibu theluthi ya eneo lote la fosfeti. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Australia ilijaribu kuizuia kesi isisikilizwe, na mwaka 1992 mahakama ikalikataa pingamizi hilo katika hoja zake kuu. Mwaka uliofuata Australia ilikubali kulipa dola milioni 107 nje ya mahakama, na Uingereza na New Zealand zikachangia. DeRoburt hakuuona mwisho wake; alifariki Julai 1992.

Ushindi haukuzuia anguko. Miaka ya 1990 kisiwa kilisajili mamia ya benki zisizo na kaunta wala karani, na mwaka 1999 ofisa wa Benki Kuu ya Urusi alisema dola bilioni 70 kutoka nchi yake zilipitishwa huko mwaka uliotangulia. Nauru ikawekwa kwenye orodha ya nchi zinazosafisha pesa haramu. Mwaka 2001 Australia ilihitaji mahali pa kuwapeleka waomba hifadhi iliowakataa kwenye pwani zake. Nauru ilikubali kuwaweka kambini kwa malipo. Waliokataa kuhamia kisiwa cha mtu mwingine sasa walikuwa wanalipwa kuwashikilia watu wasiotaka kuwa kwao. Katika kurasa zote za historia hii, msemo wa fedha fedheha haukupata mfano mwingine unaoufaa hivyo.

Mwaka 2003 Rais Bernard Dowiyogo, aliyeongoza mara kadhaa, alifariki Washington baada ya upasuaji wa moyo. Naye alikuwa na kisukari. Mwaka 2004 wadai walizikamata mali za Nauru zilizo Australia, na Nauru House ikauzwa. Benki ya taifa ilikuwa imekauka, na watumishi wa umma walikaa miezi bila mishahara. Desemba 2005 ndege ya mwisho ya shirika lao ilichukuliwa na waliokopesha. Kwa miezi kadhaa taifa lililowahi kuwa na jeti za kutosha kulibeba kundi kubwa la raia wake halikuwa na hata moja ya kuwatoa kisiwani.

Hesabu ya mwisho

Basi pesa na furaha vinahusianaje, kwa ushahidi wa Nauru?

Kwanza, umaskini haukuwa furaha. Watu waliolipwa nusu peni hawakuwa watakatifu wenye amani, walikuwa wanaibiwa. Anayewahubiria maskini kwamba pesa si kitu, mara nyingi amesimama juu ya gunia la mbolea ya bei poa.

Pili, sikukuu zao zinasema lao. Oktoba 26 wanaadhimisha kwamba hawakufutika. Januari 31 wanaadhimisha kurudi na kujitawala. Julai 1 nayo inakumbukwa, kwa sababu ndiyo siku migodi ilipokabidhiwa. Tarehe zote tatu zinahusu jambo walilolipigania na kuliamua wenyewe. Pesa ilikuwa sabuni ya roho ilipokuwa nyuma ya uamuzi: iliponunua mitambo ya tume, ilipomsomesha mtoto, ilipolipia kesi The Hague. Ilipochukua nafasi ya uamuzi, ikawa inaamua nini kiliwe, nani afanye kazi na nani afungiwe kambini, kila dola iliyoongezeka iliwapunguzia kitu.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, mtaji na faida vina sura moja mkononi. Noti haina alama ya kukwambia kama imetokana na jasho la mwaka huu au na shamba la mjukuu wako. Tofauti hiyo inakaa kwenye daftari, na daftari halina maana bila mtu mwenye uwezo wa kulidai. Wanauru waliupata uhuru wa kumiliki, ila hawakupata kwa wakati nguvu ya kuwahoji wanaowatunzia.

Wanaijaribu sasa. Mwaka 2014 Nauru ilianza kutoza kodi ya mapato, jambo ambalo babu zao wa miaka ya neema wangelicheka. Mwaka 2015 ilianzisha mfuko mpya wa vizazi, safari hii kwa masharti magumu: wachangiaji wa nje wanashiriki kuusimamia, na serikali ya leo haiwezi kuuchota inavyotaka. Mfuko ni mdogo ukilinganisha na ule uliopotea. Lakini mlipakodi ana sababu ya kuuliza pesa yake imekwenda wapi, sababu ambayo mpokeaji wa mrabaha hakuwa nayo. Katika nchi iliyopata kila kitu bure na kukipoteza bila habari, raia mwenye risiti mkononi ni mwanzo mzuri kuliko jengo la ghorofa 52.